Juu ya Kabati Palikuwa na Nyuzi 41

Chupa sita nilizipanga juu ya kabati la nguo, nyuma ya boksi la viatu, nikashuka kwenye kiti nikiwa nimeridhika. Kule juu kuna giza mchana kutwa, mikono ya watoto haifiki, na hakuna anayepitapita akaziangusha. Nilishasikia kwamba juisi ya vepu, yaani kimiminika cha sigara ya kielektroniki, haipatani na mwanga, na mwanga nilikuwa nimeukomesha. Miezi mitatu baadaye nikashusha chupa ya kwanza. Ilipopanda ilikuwa karibu na rangi ya maji. Iliposhuka ilikuwa kahawia, rangi ya kaharabu. Nilivuta mara mbili nikaacha. Koo lilikwaruzwa, ladha ya matunda niliyoinunulia haikuwapo, na ulimi ulibaki na uchungu mkavu kama wa mtu aliyelamba sarafu.

Nilimlaumu muuzaji. Nilisema moyoni kwamba kaniuzia mzigo uliokaa, na hasira hiyo nilitembea nayo wiki nzima. Kisha alasiri moja, yapata saa tisa na nusu, nikapanda kiti kutafuta blanketi. Kichwa kilipovuka usawa wa kabati nikakutana na hewa nyingine kabisa. Miguu yangu ilikuwa kwenye chumba cha kawaida, uso wangu uko mdomoni mwa tanuri. Hewa ya moto hupanda, hilo nililijua tangu shule ya msingi, na paa lililopigwa na jua tangu asubuhi huendelea kushusha joto kupitia dari hata jua likishatua. Nikapeleka kipimajoto. Kilisoma nyuzi 41. Mezani, chumba hichohicho, dakika hiyohiyo, kilisoma 31.

Nyuzi hizo 10 ndizo zilizoniharibia chupa, na ndizo zilizonifanya nianze kulifuatilia jambo hili kwa dhati.

Niseme kwanza ninazungumza na nani. Nilivuta sigara miaka 11, nikaziacha kwa msaada wa vepu, na hadi leo natumia juisi yenye nikotini kidogo. Kama huvuti chochote, hapa hakuna cha kukufanya uanze, na kama hujafikisha utu uzima nakuomba uachane nayo kabisa, maana nikotini humshika mtu asibanduke. Lakini wako watu wazima wengi wanaoishi penye joto, chupa ziko nyumbani, na maelekezo karibu yote waliyosoma yameandikwa na watu ambao kwao joto la chumba ni nyuzi 20. Wanaambiwa "hifadhi mahali pakavu penye ubaridi", wanatazama huku na huku, hawapaoni.

Tuanze na kilichomo ndani ya chupa, kwa sababu si vyote vinavyoharibika. Sehemu kubwa ni vimiminika viwili: propilini glaikoli na gliserini ya mimea. Hivi ni vigumu. Cha kwanza huchemka kwenye nyuzi 188, cha pili kwenye 290, kwa hiyo joto la chumba haliwezi kuvigeuza mvuke. Udhaifu wao mkubwa ni kwamba vyote viwili hunyonya unyevu wa hewani, na chupa iliyoachwa bila kifuniko penye unyevu mwingi huongezeka maji polepole bila mtu kugundua. Zaidi ya hapo, usivilaumu. Wanaoumia ni wale wadogo wawili waliomo humo: nikotini na viungo vya ladha.

Nikotini safi ni mafuta yasiyo na rangi. Wajerumani wawili, daktari Posselt na mwanakemia Reimann, waliitenga kutoka kwenye tumbaku mwaka 1828, na kila aliyeishughulikia tangu hapo amekutana na tabia ileile: ikiguswa na hewa na mwanga huanza kuwa njano, kisha hudhurungi. Oksijeni huishambulia molekuli na kuacha mabaki kama kotinini, misomini na oksidi ya nikotini. Mabaki hayo hayana kazi uliyoinunulia juisi, na huenda ndiyo sehemu ya ule ukali unaokwaruza koo. Joto huharakisha kila hatua ya safari hiyo. Juisi za chumvi ya nikotini, zile zilizotengenezwa kwa kuongezwa asidi kama ya benzoiki, huvumilia zaidi kidogo, kwa kuwa nikotini iliyoshikwa na asidi haishambuliwi upesi na oksijeni kama ile iliyo huru. Huvumilia tu, hazina kinga.

Ladha ni habari ndefu zaidi, na kwangu ndiyo yenye mafunzo mengi. Machungwa na malimau huenda kwanza. Ndani yake kuna limonini, ambayo ikishaoksidika huacha harufu inayoelekea ile ya tina ya kuyeyushia rangi ya ukuta. Ladha za matunda laini hubebwa na kemikali nyepesi ziitwazo esta, zinazopenda kuruka hewani, na nyingine hupenya plastiki laini ya chupa bila chupa kuwa na tundu. Ukifungua droo na droo nzima inanukia matunda, ujue unachonusa ni ladha iliyokwisha kuondoka kwenye juisi yako. Mentholi ni ngumu, hudumu. Vanila hubadilika rangi hata ikitunzwa vizuri, kwa sababu vanilini na nikotini zikikaa pamoja huleta wekundu kisha ukahawia. Ndiyo maana sikubaliani na wale wanaosema rangi ikibadilika tu, mwaga. Juisi ya vanila inaweza kuwa na rangi ya kahawia na ikawa njema kabisa. Ya machungwa inaweza kuwa angavu na ikawa imekufa. Pua, koo na tarehe uliyoandika kwenye chupa ndio mashahidi wa kuaminika.

Kuna jambo la ndani zaidi hapa. Mwaka 2018 watafiti wa vyuo vikuu vya Yale na Duke nchini Marekani walionyesha kwamba baadhi ya viungo vya ladha, vikiwemo vya vanila, mdalasini, cheri na limau, huungana na propilini glaikoli ndani ya chupa na kuzaa kemikali mpya ziitwazo asetali. Kwa baadhi ya viungo, zaidi ya asilimia 40 ilikuwa imegeuka. Hakuna aliyekichemsha chochote. Ilitokea kwenye joto la kawaida la chumba. Tena hizo asetali zilionekana kuchochea vipokezi vya mwasho kwenye njia ya hewa zaidi kuliko ladha zenyewe. Vilevile, asetoini, kiungo kinachotumika kuleta ladha ya siagi na krimu, hugeuka taratibu kuwa daiasetili, na hali ya kialkali inayoletwa na nikotini husukuma mgeuko huo. Daiasetili ndiyo iliyohusishwa na ugonjwa mbaya wa mapafu kwa wafanyakazi wa kiwanda cha bisi jimboni Missouri, uliobainika mwaka 2000. Kwa hiyo ninapohimiza kutunza juisi vizuri, ladha ni nusu tu ya sababu. Chupa iliyopikwa na joto miezi kadhaa haina tena kile kilichoandikwa kwenye lebo yake, na wewe ndiye unayekipeleka kifuani.

Mtu aliyenifumbua macho kuhusu hesabu ya joto ni mfamasia, rafiki yangu wa miaka mingi. Nilimweleza kwamba nimepima, na wastani wa siku kule kabatini ni kama nyuzi 30 tu. Akatikisa kichwa. "Kaka, wastani huo hauna maana. Niambie saa mbaya ni ngapi."

Kisha akanifafanulia. Kwa kanuni ya jumla, kila joto linapopanda nyuzi 10, kasi ya mmenyuko wa kikemia huongezeka mara mbili hadi tatu. Kwa hiyo saa za joto kali hazihesabiki sawa na saa za ubaridi. Wafamasia wanacho kipimo chao, wastani wa joto wa kinetiki, unaozipa saa mbaya uzito zinaostahili. Tukakaa na karatasi. Chukua chupa inayokaa saa 18 kwenye nyuzi 26, kisha saa 6 za mchana kwenye nyuzi 40. Wastani wa darasani ni 29.5. Wastani wa kinetiki ni kama 31.7. Tofauti inaonekana ndogo, mpaka uulize uharibifu wa siku hiyo umetokea lini. Karibu asilimia 60 yake umetokea katika zile saa 6. Robo ya siku inafanya zaidi ya nusu ya madhara.

Hapo ndipo mtazamo wangu wote ulipogeuka. Nilikuwa natafuta mahali pa baridi, na nchi ya joto haikupi mahali pa baridi bure. Ninachoweza kukipata ni mahali patulivu, pasipopanda mchana. Chupa inayokaa kwenye nyuzi 28 mchana na usiku ina maisha bora kuliko ile inayolala kwenye 24 na kuamkia 40.

Hata dawa zenyewe hupimwa kwa busara hiyo. Katika majaribio ya uimara wa dawa, dunia imegawanywa kwa kanda za hali ya hewa: za wastani hupimiwa kwenye nyuzi 25 na unyevu wa asilimia 60, na zile za joto na unyevu mwingi kwenye nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 75. Tarehe iliyoko kwenye chupa ya juisi, ambayo mara nyingi ni mwaka mmoja au miwili tangu kutengenezwa, inachukulia kwamba chupa itatunzwa penye ubaridi. Mimi penye joto huipunguza. Juisi isiyofunguliwa na iliyotunzwa vizuri naipa miezi 9 hadi 12, iliyofunguliwa miezi 3. Huo ni uamuzi wangu, nao umenifaa.

Nikanunua kipimajoto cha kidijitali kinachokumbuka kiwango cha juu na cha chini cha siku. Ni kifaa kidogo, na kama utafanya jambo moja tu kati ya yote niliyoandika, fanya hilo. Nikakizungusha nyumbani, siku mbili kila mahali. Juu ya kabati: 27 hadi 41. Juu ya friji, mahali ambapo nilidhani pana ubaridi kwa jina: 31 hadi 38, maana friji hutoa nje joto lote inaloliondoa ndani. Droo karibu na jiko: 28 hadi 37. Rafu kwenye ukuta wa magharibi ilinishangaza kuliko zote, kwa sababu mchana ilikuwa na nafuu na usiku ikapanda; ukuta ulikuwa umelinywa jua la jioni na ulikuwa unalitoa taratibu hadi usiku wa manane. Chini kabisa ya kabati la ndani, kwenye ukuta usioguswa na jua, karibu na sakafu ya saruji: 26 hadi 29. Mahali penyewe palikuwa hapo miaka yote, nimepawekea viatu vya zamani.

Bado zile nyuzi tatu zilinisumbua. Nikachukua boksi la kubebea vinywaji baridi, lile lenye kuta nene za povu, nikaliweka hapohapo bila barafu. Ndani nikaweka chupa mbili za maji za lita 5, zimejaa na kufungwa, na juisi katikati yake. Maji yana uwezo mkubwa wa kubeba joto bila yenyewe kupanda haraka, na povu huchelewesha joto kuingia. Alasiri inapogonga hodi, maji huipokea taratibu, na kabla haijafika kwenye juisi usiku umeingia. Kipimajoto ndani ya boksi kilizunguka kati ya 27 na 28 wiki nzima. Hakuna umeme, hakuna barafu ya kubadilisha. Wapo wanaofunika chombo kwa kitambaa kibichi ili maji yakivukizwa yapoze. Penye hewa kavu hilo hufanya kazi vizuri mno, penye unyevu mwingi utaambulia kitambaa chenye ukungu na lebo zilizobanduka.

Gari nalitaja kwa ukali. Mwaka 2018 watafiti wa Arizona State University walipima magari yaliyoegeshwa juani siku za kiangazi. Baada ya saa moja hewa ya ndani ilifika wastani wa nyuzi 47, na dashibodi 69. Hata yaliyokuwa kivulini, dashibodi zilifika kama 48. Saa moja tu. Nyuzi 69 zinakaribia kiwango ambacho plastiki ya chupa nyingi huanza kulegea, na betri ya kifaa chako haitakiwi kabisa kuwa humo. Juisi isilale garini. Ikisafiri, isafiri mfukoni mwako au ndani ya begi, katikati ya nguo, na ishuke ukishuka.

Sasa hewa. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na kinachoila juisi mara nyingi kimefungiwa nayo ndani ya chupa. Chupa ya mililita 100 iliyobakiwa na mililita 20 ina mililita 80 za hewa juu yake, na kila ukifungua unailetea oksijeni mpya. Joto linapopanda na kushuka kila siku, hewa hiyo hutanuka na kusinyaa, na kama kifuniko hakikukazwa chupa inapumua: inatoa harufu ya ladha mchana, inaingiza hewa safi usiku. Dawa yake ni kugawa. Nikinunua chupa kubwa, siku hiyohiyo naigawa kwenye chupa ndogo za kioo za rangi ya kahawia, nazijaza hadi shingoni, nakaza, na kufungua moja tu kwa wakati. Kioo hakipitishi oksijeni. Ile plastiki laini ya kubonyeza huipitisha, tena joto likiongeza kasi. Plastiki ngumu na angavu ni afadhali, ingawa si sawa na kioo. Rangi ya kahawia huzuia mionzi ya urujuanimno pamoja na sehemu ya mwanga wa buluu. Na vile vifuniko vyenye mpira wa kudondoshea si vya kuhifadhia. Mpira hulainika na kuvuja hewa, wakati mwingine huiachia juisi ladha yake. Tumia kifuniko kizima, mpira uweke siku ya kutumia.

Kuhusu friji na friza, nilichelewa kuamini kwamba juisi haigandi. Propilini glaikoli huganda kwenye nyuzi 59 chini ya sifuri. Gliserini kwa vitabu hugeuka mango kwenye 17.8, lakini kwa hakika hukataa kutengeneza fuwele na hubaki nzito tu. Kwa hiyo friza ya nyumbani, yenye nyuzi 18 chini ya sifuri, haiipasui chupa, na kwa nikotini ya kuchanganyia, ile kali isiyo na ladha, hakuna mahali pazuri zaidi. Hata umeme ukikatika siku nzima, juisi haijali, tofauti na dawa zinazoharibika zikiyeyuka na kuganda tena. Kosa linalofanyika ni moja: kuitoa na kuifungua papo hapo. Chupa baridi kwenye hewa yenye unyevu hutoka jasho, na ukifungua, jasho hilo huingia ndani. Iache imefungwa saa kadhaa hadi ilingane na chumba, ifute, itikise, ndipo uifungue. Kwenye friji, weka nyuma, mbali na mlango, kwa kuwa mlango hupanda na kushuka joto kila anayesikia kiu akipita.

Lakini friji ndiyo ilikotokea siku ambayo sitaisahau.

Nilikuwa nimeweka chupa moja ya mililita 10 kwenye rafu ya mlango. Ilikuwa ndogo, nyeupe, yenye ncha nyembamba. Mama alikuwa amekuja kukaa nasi baada ya kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, na dawa yake ya macho ilikaa kwenye rafu hiyohiyo. Jioni nikamkuta ameketi, kichwa amekiinamisha nyuma, miwani ameiweka pajani, ameshika chupa juu ya jicho.

"Mwanangu," akasema bila kunigeukia, "hii dawa mpya mbona nzito? Haidondoki."

Nilimshika mkono. Gliserini iliyopoa ndiyo iliyomwokoa mama yangu, kwa sababu ilikuwa nzito kiasi cha kukataa kutoka upesi. Nilimnawisha mikono kwa sabuni na maji mengi, maana nikotini hupenya ngozini, kisha nikaenda uani nikakaa peke yangu hadi mwili ulipoacha kutetemeka.

Kwa hiyo nisikilize vizuri hapa kuliko kote. Chupa ya mililita 10 yenye miligramu 20 kwa kila mililita ina miligramu 200 za nikotini. Kwa mtoto mdogo, sehemu ndogo ya hiyo ni hatari ya kufa. Umoja wa Ulaya, kwa sheria yake ya mwaka 2014, uliweka kikomo hicho hicho cha miligramu 20 na chupa za kujazia zisizozidi mililita 10, na Marekani ilipitisha sheria iliyosainiwa Januari 2016 ya kulazimisha vifuniko ambavyo mtoto hawezi kuvifungua. Sheria hizo hazikutungwa bure. Watoto walikwisha kudhurika. Ukigawa juisi kwenye chupa zako mwenyewe, unaivua kinga hiyo, na jukumu lote linakuwa lako. Usiitie kamwe kwenye chupa iliyowahi kuwa ya maji au kinywaji. Usiiweke pamoja na dawa. Iwe kwenye friji au kabatini, ikae ndani ya kopo la chuma lenye kufuli, na ufunguo uwe kwako. Ikimwagikia mtu, osha kwa sabuni na maji, vua nguo iliyolowa. Ikiingia jichoni, suuza kwa maji safi yanayotiririka dakika 15 kisha nenda kwa daktari. Ikimezwa, usimtapishe mtu. Kimbia hospitali, na chupa uende nayo ili wajue nguvu yake.

Kitu kimoja kidogo kuhusu tangi, ile sehemu ya kifaa cha vepu inayobeba juisi, kwa sababu ndilo lalamiko ninalolisikia mara nyingi kutoka kwa wanaoishi penye joto: "Tangi langu linavuja." Mara nyingi tangi halina kosa. Gliserini kwenye nyuzi 40 ni nyepesi mara tano hivi kuliko ilivyo kwenye 20, na hewa iliyobaki juu ya tangi hutanuka ikipata joto. Njia pekee ya kutokea ni kusukuma juisi kupitia koili, ule waya unaoipasha moto. Weka kifaa wima, funga matundu ya hewa kama kinaruhusu, na usikiache na tangi nusu mahali penye jua. Tangi lililojaa huvuja kidogo kuliko la nusu, kwa sababu hewa ya kutanuka ni chache. Ukichagua juisi yenye gliserini nyingi zaidi kwa miezi ya joto, tatizo hupungua.

Juisi iliyoharibika usiimwage kwenye sinki wala mtaroni. Nikotini ni sumu kwa viumbe wa majini, na iliwahi kutumika kuulia wadudu mashambani. Kama unakoishi kuna mahali pa kupokea taka za hatari, peleka. Kama hakuna, imimine kwenye vumbi la mbao au mchanga ili inyonywe, ndani ya chombo kinachofungwa, na chombo hicho kisifikiwe na mtoto wala mnyama.

Baada ya yote hayo nilitaka kuona kwa macho yangu. Nikanunua chupa moja ya mililita 60, juisi ya matunda yenye miligramu 6, nikaigawa siku hiyohiyo kwenye chupa nne za kioo zinazofanana, zimejaa hadi shingoni. Ya kwanza nikairudisha juu ya kabati. Ya pili nikaiacha mezani, ndani ya bahasha nyeusi. Ya tatu nikaitia kwenye boksi la povu. Ya nne friza. Nilizifungua zote asubuhi moja, miezi sita baadaye, nikazipanga kwenye karatasi nyeupe karibu na dirisha.

Ya juu ya kabati ilikuwa kahawia na harufu yake haikuwa tena ya tunda lolote ninalolijua. Ya mezani ilikuwa njano iliyokolea. Tunda lipo, ila lile la juu, lile la kwanza kugonga pua, limepotea. Ya boksi na ya friza nilizibadilisha nafasi mara tatu, nikamwita mke wangu azitazame bila kumwambia ni zipi. Alizishika moja baada ya nyingine dhidi ya mwanga, akazinusa, akazirudisha. Akasema ya kulia ni angavu zaidi kidogo. Ya kulia ilikuwa ya friza. Ya boksi, aliyoiita ya pili, ndiyo iliyomo kwenye tangi langu wiki hii.